Kontena la VeraCrypt Limekataa Kufunguka: Uliza Lilizaliwa Lini Kabla ya Kulaumu Nenosiri

VeraCrypt ni programu ya kusimba data, na kontena lake ni faili au diski iliyosimbwa inayofunguliwa kwa nenosiri. Ujumbe wake unaowaogopesha watu kuliko yote hausemi mengi. Unasema kazi imeshindikana, kisha unataja sababu kadhaa kwa mkupuo: huenda nenosiri si sahihi, huenda PIM (namba ya hiari inayoambatana na nenosiri) si sahihi, huenda kanuni ya kuzalisha ufunguo siyo, au huenda faili hilo si kontena hata kidogo. Programu haikufichi kitu hapo, haijui. Kontena lililosimbwa vizuri halina alama ya kulitofautisha na baiti zilizomwagwa ovyo. VeraCrypt hujaribu kukisimbua kichwa cha kontena, yaani sehemu yake fupi ya mwanzoni, kwa nenosiri ulilotoa. Ikikuta humo herufi nne, VERA, imefaulu. Isipozikuta, haiwezi kutofautisha kosa la vidole vyako na kosa la flashi.

Basi kazi ya kutafuta chanzo inabaki kwetu. Nawaandikia watu wa Uganda wanaotumia programu hii huria kwa shughuli nzito: karani wa SACCO huko Kasese mwenye daftari la mikopo, muuguzi wa Arua mwenye rekodi za wagonjwa, wakili wa Kampala, mfanyakazi wa shirika kule Nakivale aliyeshika orodha za wakimbizi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazilinde, na wengi wameitikia kwa kusimba mafaili yao. Siku kontena likigoma, wengi hujilaumu kwamba wamesahau nenosiri. Mara nyingi hawajasahau. Kontena lilitengenezwa mwaka fulani, kwa toleo fulani, kwenye mashine fulani, na kimojawapo kati ya hivyo kimebadilika.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili. Kama ni kontena la faili, weka nakala yake kwenye diski nyingine na ufanyie majaribio yote kwenye nakala hiyo. Kama ni flashi au diski nzima iliyosimbwa, tumia Linux na programu ya ddrescue kuchukua picha ya diski yote, baiti kwa baiti. Nimeona data nyingi ikipotea mikononi mwa fundi aliyekimbilia kurekebisha kuliko iliyopotea kwa hitilafu ya awali. Usikubali mtu akuendeshee chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, kwenye flashi asili kabla ya nakala kuwepo: programu hiyo inaweza kulikata kontena vipandevipande ikidhani inasafisha diski.

Nenosiri ni lilelile, lakini linakataliwa

Anza na kibodi. Kompyuta mpakato nyingi tunazonunua hapa ni mitumba, na kila moja imekuja na kibodi ya ilikotoka. Kwenye mpangilio wa Marekani, Shift pamoja na 2 hutoa @. Kwenye ule wa Uingereza, vidole hivyohivyo hutoa alama ya kufungua na kufunga usemi, na @ iko upande wa kulia karibu na Enter. Shift pamoja na 3 hutoa # kwenye moja na £ kwenye nyingine. Ndugu zetu waliovuka mpaka wa Mpondwe au Bunagana wakitokea Kongo huja na kibodi za Kifaransa, ambako A na Q zimebadilishana nafasi, vivyo hivyo Z na W, M imehamia kando ya L, na tarakimu haziandikiki bila Shift. Tena kilichochapwa juu ya vitufe si lazima kiwe ndicho Windows inachokifuata. Mtu anaweza kuwa ametunga nenosiri akiamini ameandika @ kumbe kompyuta ilipokea kitu kingine, na kwa kuwa alilirudia vilevile mara ya pili, programu ililikubali.

Dawa yake: weka alama kwenye kisanduku cha kuonyesha nenosiri, hakikisha hakuna mtu nyuma yako, na utazame kinachoandikwa. Kisha jaribu kuandika vile ambavyo kibodi ya zamani ingetoa. Kama nenosiri umelinakili kutoka kwenye simu, angalia nafasi tupu mwishoni, herufi ya kwanza iliyokuzwa na simu yenyewe, na alama za usemi zilizonyooka ambazo simu imezigeuza kuwa za kujikunja. Anayesimba diski nzima ya Windows ajue kwamba skrini ya kabla ya Windows kuwaka hutumia mpangilio wa Marekani daima, hata kibodi iwe ya nchi gani.

Kibodi ikishapita mtihani, uliza umri wa kontena. Hapa historia ya programu inasaidia kweli.

TrueCrypt, mzazi wa VeraCrypt, ilitoka mwaka 2004 ikiwa imejengwa juu ya msimbo wa programu ya zamani iitwayo E4M. Waliouandika hawakujitokeza kwa majina. Tarehe 28 Mei 2014 tovuti yao iligeuka ghafla ikawa tangazo: programu si salama, kazi imesimama, hamieni kwingine. Toleo lao la mwisho, 7.2, liliweza kufungua makontena tu, kutengeneza mapya haliwezi. Lakini karibu mwaka mmoja kabla, Juni 2013, Mounir Idrassi aliyekuwa Ufaransa alikuwa amekwisha kutoa VeraCrypt, akianzia msimbo wa TrueCrypt 7.1a. Kwa miaka mingi VeraCrypt iliendelea kufungua makontena ya TrueCrypt, mradi uweke alama kwenye kisanduku cha «TrueCrypt Mode». Kisha Oktoba 2023 likaja toleo 1.26.7, na kisanduku hicho kikaondolewa.

Kwa hiyo ofisi iliyosimba nyaraka zake mwaka 2011, ikazihifadhi kwenye diski ya nje, na leo ikanunua kompyuta mpya na kuweka toleo la karibuni, itapata kukataliwa kusikoeleweka. Nenosiri ni sahihi, diski nzima, mlango tu ndio ulioondolewa. Tafuta VeraCrypt 1.25.9, toleo la Februari 2022, ambalo ndilo la mwisho kuelewa makontena ya TrueCrypt. Liendeshe kwenye mashine isiyo na toleo jipya ili madereva mawili yasigongane, weka alama ya TrueCrypt, fungua, kisha hamishia mafaili kwenye kontena jipya. Hamisha yote, usiache hata moja kwa matumaini kwamba utarudi baadaye.

Toleo hilohilo la 1.26.7 liliondoa vitu vingine viwili: RIPEMD-160, mojawapo ya kanuni za kugeuza nenosiri kuwa ufunguo, na GOST89, algoridhimu ya kusimba data yenyewe. Tiba zake hazifanani. Kontena la RIPEMD-160 lifungulie katika 1.25.9, nenda menyu ya «Volumes», chagua «Set Header Key Derivation Algorithm», uweke SHA-512. Kazi hiyo hugusa kichwa peke yake na huisha upesi hata kontena likiwa la gigabaiti mia. La GOST89 halina njia ya mkato, kwa sababu data yote imesimbwa kwa algoridhimu hiyo. Utahamisha kila faili.

Kuna na urefu wa nenosiri. Hadi kabla ya toleo 1.24 la mwaka 2019, mwisho ulikuwa herufi 64. Kuanzia hapo ukawa baiti 128 kwa makontena ya kawaida. Mwenye kupenda sentensi ndefu kama nenosiri, akitengeneza kontena kwa toleo jipya nyumbani na kulipeleka ofisini kwenye toleo la zamani, atakwama. Sasisha ya ofisini, basi.

PIM iliongezwa mwaka 2015, na huwachanganya watu kwa sababu si lazima uijaze. Ukiacha wazi, VeraCrypt hutumia 485. Mahesabu yake kwa kontena la kawaida ni 15,000 jumlisha PIM mara 1,000, ndiyo maana chaguo-msingi huleta mizunguko 500,000 ya kugeuza nenosiri kuwa ufunguo. Ukikumbuka nenosiri lakini ukasahau namba ya PIM uliyoweka, usikate tamaa mapema. Kama nenosiri lako lina herufi pungufu ya 20, programu haikukuruhusu kuweka PIM chini ya 485, hivyo anza hapo na kupanda juu. Mtu wa Linux anaweza kuandika skripti fupi ya kujaribu namba hizo zote usiku kucha. Watu huchagua namba zenye maana kwao, mwaka wa kuzaliwa kwa mfano, na hizo zijaribiwe kwanza.

La mwisho katika kundi hili ni faili-ufunguo. Baadhi ya watu huongeza picha au wimbo kama sehemu ya nenosiri. VeraCrypt husoma baiti 1,048,576 za mwanzo za faili hilo, na baiti moja ikibadilika, ufunguo umebadilika. Programu ya muziki ikiandika jina la albamu au picha ya jalada ndani ya MP3, imeharibu ufunguo wako huku wimbo ukiendelea kulia vizuri kabisa. Picha uliyomtumia mwenzako kwa WhatsApp kama picha hubanwa njiani, na inayomfikia si faili lile ulilotuma, japo kwa macho ni ileile. Itume kama hati. Afadhali zaidi, mwachie VeraCrypt atengeneze faili-ufunguo lake la nasibu, ulinakili mahali pawili, na usiliguse.

Kontena linafunguka, ila kwa kusuasua

TrueCrypt ilizungusha nenosiri mara 1,000 au 2,000 tu kabla ya kupata ufunguo. VeraCrypt huzungusha mara laki tano, kwa makusudi, ili anayekisia manenosiri kwa mashine zenye nguvu achoke. Kompyuta kuukuu huhisi uzito huo. Na usipoitajia kanuni, programu hujaribu zote moja baada ya nyingine, hivyo nenosiri la makosa ndilo linalosubiriwa zaidi. Chagua mwenyewe SHA-512, kama ndiyo uliyotumia, na subira itapungua sana. Usipunguze PIM ili kupata kasi isipokuwa nenosiri lako ni refu kwelikweli.

Kama kufungua ni haraka lakini kunakili mafaili ni taratibu, chanzo ni kingine. Prosesa za zamani hazina ndani yake maagizo ya AES, algoridhimu ya kusimba inayotumika zaidi. Kwenye Linux, tafuta neno aes ndani ya /proc/cpuinfo. Lisipokuwepo, hesabu zote hufanywa kwa njia ndefu. Na aliyechagua algoridhimu tatu zikipangwa moja juu ya nyingine amejitwisha mzigo mara tatu. AES peke yake inatosha.

Windows inasema flashi lazima ifomatiwe

Usibonyeze. Nalisema hili kwa moyo wote, kwa sababu hapa ndipo data ya watu inapokufa.

Ukisimba flashi nzima, Windows haioni mfumo wa mafaili inaoujua, na hukushauri uifomati kila unapoichomeka. Tazama herufi inayotajwa. Ikiwa ni herufi ya flashi yenyewe, tuseme E, hakuna tatizo lolote: ghairi, fungua VeraCrypt, chagua herufi nyingine, fungua flashi kupitia hiyo. Ikiwa ni herufi uliyoichagua ndani ya VeraCrypt, basi nenosiri limekubaliwa na shida iko ndani: ama kontena lilifomatiwa kwa ext4 kwenye Linux na Windows haiusomi, ama mfumo wa mafaili umeumia. Kabla ya hofu, lijaribu kwenye kompyuta ya Linux.

Kama mtu ameshabonyeza, acha kuandika chochote kwenye flashi hiyo. Ili kuelewa nafasi uliyobaki nayo, jua kwamba nenosiri lako halisimbi data moja kwa moja. Ni kama kisanduku kidogo kinachotunza ufunguo wa nyumba: nenosiri hufungua kichwa cha kontena, na ndani ya kichwa ndimo ulimo ufunguo halisi. Kichwa hicho kiko mwanzoni, na kufomati kwa haraka huandika palepale mwanzoni. Lakini VeraCrypt huweka nakala ya kichwa mwishoni mwa kontena, na fomati ya haraka kwa kawaida haifiki huko. Wakati wa kufungua, ingia kwenye chaguo za ziada na uweke alama kwenye «Use backup header embedded in volume if available». Ikifunguka, okoa mafaili kwanza, kwa programu ya uokoaji ya PhotoRec kama orodha ya mafaili imevurugika, ndipo urudishe kichwa kupitia «Restore Volume Header» katika menyu ya «Tools».

Kama aliyebonyeza alichagua fomati kamili badala ya ile ya haraka, tangu Windows Vista hiyo huandika sufuri kila mahali. Hapo hakuna cha kuokoa, na anayekuomba pesa kwa kazi hiyo anakudanganya.

Kuzuia ni rahisi. Weka kontena kama faili ndani ya flashi ya kawaida badala ya kusimba flashi yote, au uiondolee herufi katika sehemu ya Windows ya kusimamia diski. Kwa ofisi yenye watu wengi wanaoshika flashi moja, mimi napendekeza njia ya kwanza bila kusita.

Mafaili ya mwanzo mazima, ya baadaye yameoza

Ukiona kontena linafunguka vizuri, hati za miezi ya nyuma zinasomeka, lakini picha mpya zinafunguka nusu, ishuku flashi kabla ya kuishuku programu. Barabarani huuzwa flashi zilizoandikwa terabaiti moja au mbili kwa bei isiyolingana kabisa na ukubwa huo. Chipu yake imepangwa iseme uongo: ndani kuna gigabaiti chache, na ukishazivuka, yanayoandikwa hutupwa au hurudi kufunika ya mwanzo. VeraCrypt inapotengeneza kontena huandika tu, hairudi kusoma ilichoandika, hivyo haitagundua. Mbaya zaidi, ile nakala ya kichwa inayotakiwa kuwa mwishoni haipo popote. Na kama flashi ni ya aina inayorudi kufunika, siku moja itafunika kichwa cha mwanzoni, na nenosiri sahihi litakataliwa milele.

Ipime flashi kabla ya kuikabidhi kitu: H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, ambako f3write hujaza na f3read hukagua. Inachukua saa kadhaa. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

Umeme unaokatika kontena likiwa wazi huacha jeraha la aina nyingine, mfumo wa mafaili ulioachwa katikati ya sentensi. Nakili kontena, lifungue, bonyeza kulia juu ya herufi yake katika VeraCrypt na uchague kukagua mfumo wa mafaili. NTFS na ext4 huvumilia ajali hizi kuliko FAT, kwa hiyo kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS chagua mojawapo tangu mwanzo.

Google Drive haipandishi mabadiliko

Unaongeza mafaili kwenye kontena, unalifunga, na nakala ya mtandaoni inabaki ya mwezi uliopita. VeraCrypt kwa kawaida huihifadhi tarehe ya awali ya faili la kontena, ili asijulikane lini ulilitumia. Programu za kusawazisha hutazama tarehe na ukubwa. Vyote havijabadilika, nazo hupita kimya. Ingia kwenye mapendeleo, uondoe alama kwenye «Preserve modification timestamp of file containers». Kisha jizoeze kufunga kontena kabla ya kusawazisha, na usilifungue kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja.

Madogo mawili ya haraka. Flashi ya FAT32 haibebi faili la kufika gigabaiti 4, hivyo kontena kubwa linahitaji exFAT au NTFS. Na kwenye Linux, ukipata kosa linalotaja device-mapper, liongezee amri chaguo la -m=nokernelcrypto.

Kontena la siri limeharibika

Aliyeweka kontena la siri, lililofichwa ndani ya nafasi tupu ya kontena la nje, kisha akaandika kwenye la nje bila kuomba ulinzi, amelifunika la siri kwa mkono wake. Programu haiwezi kumwonya, kwa sababu isingekuwa siri tena kama ingejua lipo. Kila unapofungua la nje ili kuandika, ingia kwenye chaguo za ziada, uweke alama ya kulilinda la siri, na utoe manenosiri yote mawili.

Nenosiri limesahaulika kweli

Hakuna mlango wa nyuma. TrueCrypt ilikaguliwa na wataalamu wa nje kati ya 2014 na 2015, na hawakukuta mlango wa namna hiyo. Kuna njia moja halali ambayo wengi hawaijui: kama ulibadilisha nenosiri na umelisahau jipya, lakini zamani ulihifadhi nakala ya kichwa nje ya kontena, rudisha kichwa hicho na utumie nenosiri la zamani. Kubadilisha nenosiri hakubadilishi ufunguo wa ndani. Ndiyo sababu nakala ya kichwa itunzwe mahali salama, maana anayeipata pamoja na nenosiri la zamani anaingia.

Na kama kasoro ni ya programu?

Hutokea. Mwaka 2015 James Forshaw wa Google aligundua udhaifu katika dereva wa Windows uliorithiwa kutoka TrueCrypt, na VeraCrypt 1.15 ikauziba. Mwaka uliofuata kampuni ya QuarksLab ilikagua msimbo kwa ufadhili wa OSTIF, mfuko wa kuboresha programu huria, na mengi iliyoyakuta yakarekebishwa katika toleo 1.19. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo uko wazi, na ripoti ya mtu wa Jinja au Arua ina uzito uleule ikiandikwa vizuri. Taja toleo la VeraCrypt, toleo la mfumo wa kompyuta, maneno kamili ya ujumbe wa kosa, na hatua ulizopitia kwa mpangilio wake. Usipeleke kontena lenye taarifa za watu, wala nenosiri unalolitumia popote. Tengeneza kontena tupu la megabaiti 10 lenye nenosiri la kutupa, pitia hatua zilezile, na kosa likijirudia humo, hilo ndilo la kuambatanisha.